Rangi Iliyo Chini ya Rangi

Mtu huuthamini mdomo wake siku anapoanza kuufunika. Baada ya kustaafu ualimu, jino langu la mbele, lililokwisha kufa zamani, lilivunjika, nikavikwa kofia ya kauri katika kliniki moja mbali na Sumbawanga. Ilikaa imara, ila ilikuwa ya kijivu. Wajukuu walinyamaza kwa adabu. Mimi nikawa nacheka huku nimeweka kiganja mdomoni.

Kauri hiyo hulainishwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 900, kisha husukumwa ndani ya kalibu. Sifa yake ni kupitisha mwanga kama jino la asili, na hapo ndipo penye mtego: huonyesha pia kilicho chini yake. Shina langu lilikuwa jeusi. Kuipaka kofia rangi kwa juu, kama nilivyoshauriwa, kungekuwa sawa na kupaka chokaa ukuta wenye unyevu.

Nilisafiri tena kupitia Tunduma kumwona daktari mwingine. Huyo alianza kwa kuuliza. Rangi ilichaguliwa kwa mwanga gani? Taa ya njano hudanganya; mwanga wa mchana dirishani ni bora. Ilichaguliwa kabla ya kuchonga? Jino likikauka huonekana jeupe kuliko kawaida yake. Akayalinganisha meno ya jirani na vijino 16 vya kipimo, kisha akaipima rangi ya shina lenyewe. Fundi akachagua kauri isiyopitisha mwanga mwingi, akaongeza unene kidogo. Hata rangi ya gundi ilijaribiwa kabla ya kubandika.

Hakunipa weupe wa maziwa. Jino la kijana katika kinywa cha mzee hujitangaza lenyewe.

Nikawakumbuka walimu waliotoka Arusha na Meru kuja kufundisha Ufipa. Meno yao yalikuwa na madoa ya kahawia, na wenyeji wakawadhania wavuta sigara. Kumbe ni maji ya utotoni, yenye floridi nyingi, yaliyoyatia doa meno yakingali yanaumbwa ndani ya ufizi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi, msomaji, ukivikwa kofia ya jino, usiulize bei tu. Uliza pia kama shina limepimwa rangi. Na umwonapo mtoto darasani amefifia, usiharakishe kumpaka rangi kwa juu.