Mpangaji wa Giverny

Treni ya kwenda Vernon huondokea stesheni ya Saint-Lazare, Paris, na kwa muda wa saa moja hivi majengo yanaisha, mashamba ya Normandy yanaanza. Nilifuatana na shangazi, ambaye ameishi Paris tangu mimi sijaanza shule na hakuwahi kufika huko. Njia nzima alinisumbua: hivi kweli tunatoa nauli na kiingilio kwenda kutazama bustani ya mtu?

Vernon tulipanda basi, tukavuka mto Seine, tukashushwa kijijini Giverny. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Nyumba ya mchoraji Claude Monet ni ndefu na nyembamba, kuta zake za rangi ya waridi, madirisha ya kijani. Aliingia humo mwaka 1883, akiwa na miaka 42, mjane mwenye madeni, pamoja na mwenzi wake Alice Hoschedé na watoto wanane wa pande zote mbili. Aliingia kama mpangaji.

Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Kwetu mpangaji hapandi mti. Mwenye nyumba akikuona umeshika jembe anaanza kukuhoji, maana anayepanda mwembe leo, kesho atadai haki yake. Monet hakungoja hati. Alianza kupanda maua mapema ili siku za mvua, asipoweza kwenda mashambani, apate cha kuchora ndani. Nyumba aliinunua mwaka 1890, na mwaka 1893 akaongeza kipande cha ardhi ng’ambo ya reli, akaomba ruhusa ya kuchepusha maji ya kijito cha mto Epte ili achimbe bwawa. Wanakijiji wakaja juu. Mimea ya kigeni, walidai, itatia sumu maji yao. Ruhusa ilipatikana baada ya mvutano.

Siku hizi wageni huvuka kwenda bwawani kwa njia iliyopita chini ya barabara. Ukitoka upande wa pili, kelele za magari zinafifia, unakutana na mianzi, kisha maji. Yungiyungi zilikuwa zimefunguka, nyeupe, za waridi na za manjano. Katikati yake mtunza bustani alikuwa ndani ya kihori, ameshika wavu wenye mpini mrefu, akiokota majani yaliyooza moja moja. Shangazi alisimama pale muda mrefu kuliko alivyosimama penye daraja la Kijapani, ambako watu walikuwa wakisukumana kupiga picha. Kazi ile aliianzisha Monet mwenyewe: aliajiri mtu wa kuingia majini kusafisha mimea hiyo na kuifuta vumbi kabla hajaanza kuchora. Magari yalipozidi, alichangia gharama za kuitia lami barabara ili vumbi lisitue juu ya maua yake. Wengine wataona ni kichaa. Mimi naona ni mtu aliyejua anachokitaka.

Halafu misiba ikafuatana. Alice alifariki mwaka 1911. Mwanawe Jean akafa mwaka 1914, na mwaka huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Monet alikataa kuhama. Alijenga studio kubwa uwanjani, akachora maji yaleyale kwenye turubai zenye kimo cha mita mbili. Macho yakaingia mtoto wa jicho. Daraja lile la kijani likawaka wekundu na hudhurungi katika michoro yake, mpaka alipopasuliwa mwaka 1923. Husemwa kwamba bustani ilimtuliza. Sina hakika na neno hilo. Huyu ni mzee aliyekuwa akichana na kuchoma turubai asizoridhika nazo. Nadhani alichopata pale ni sababu ya kuamka asubuhi, nayo kwa mfiwa si haba.

Chumba cha kulia chakula ni cha manjano tupu, kuta hadi makabati, na kuta zimejaa michoro ya Kijapani. Shangazi alikikagua kama anayetaka kukipanga. “Mwanangu,” akaniambia, “huyu mzee alijijengea kwao.” Kisha akaulizia choo.

Monet alifia katika nyumba hiyo mwezi Desemba 1926, akazikwa kwenye makaburi ya kanisa la kijiji.

Ukipanga kwenda, jua kwamba bustani hufunguliwa kuanzia Aprili 1 hadi Novemba 1. Nje ya hapo utakuta geti limefungwa. Na usitarajie kuona kule michoro yenyewe ya yungiyungi: ndani ya studio zimetundikwa nakala. Ile mikubwa aliyoikabidhi taifa la Ufaransa baada ya vita imo Paris, katika jumba la Orangerie, kwenye kumbi mbili za umbo la yai. Pale hufungwa Jumanne.