Nyundo ya Mhunzi



Juma hili mhunzi mmoja mzee wa hapa Chalinze alitujia na swali: "Baba, kumtengenezea jirani gobore la kufukuzia nguruwe pori ni dhambi?" Tulimjibu kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai leseni kwa kila aundaye au akarabatiye silaha; nayo inalinda uhai, kwani gobore lisilosajiliwa likiua halina mwenyewe.

Akauliza tena: "Na ada ya mjukuu?"

Tulinyamaza kwa haya, maana mahindi ya parokia yamelindwa kwa magobore yake miaka mingi. Kukataza pekee hakutoshi. Tumeagiza kwake majembe ishirini, kama Nabii Isaya alivyotumaini.

Nanyi, ndugu wapendwa, mtaagiza mangapi?