Bingwa Aliyerudi Shambani

Katika kabati la ukumbini mwetu vimo vikombe vitatu alivyovishinda mwanetu katika mashindano ya skuli ya sataranji, au chesi kama waiitavyo vijana. Mwaka juzi, alipomaliza kidato cha nne, alitufahamisha kwa adabu kwamba mashindano ameyaacha na kwamba moyo wake uko katika kusomea uuguzi. Tulihuzunika na, tuseme kweli, tulighadhibika. Tulimwambia kuwa anakitupa kipaji alichojaaliwa. Aliinamisha kichwa akasema, "Niwieni radhi, wazee wangu," wala hakubadili azma yake.

Tangu utotoni tulikuwa tukimsimulia habari za Mir Sultan Khan ili kumtia hima. Mtu huyo alizaliwa Punjab mwanzoni mwa karne iliyopita, Bara Hindi ikiwa chini ya Waingereza. Babake ndiye aliyemfundisha sataranji, kwa kanuni za Kihindi zilizotofautiana na za Ulaya: askari, kwa mfano, hakuruhusiwa kusogea miraba miwili katika hatua yake ya kwanza. Tajiri mmoja mwenye ardhi, Sir Umar Hayat Khan, alikitambua kipaji chake, akawa mfadhili wake, na mwaka 1929 akamfikisha London. Miezi michache baadaye Sultan Khan alitwaa ubingwa wa Uingereza, akautwaa tena mwaka 1932 na 1933. Katika mashindano ya Hastings ya 1930 kuingia 1931 alimshinda José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyepata kuwa bingwa wa dunia. Hapo ndipo tulipozoea kukikatiza kisa, mtoto akipiga makofi.

Nusu ya pili hatukuisimulia. Mwishoni mwa 1933 Sir Umar alirejea Bara Hindi, na Sultan Khan akarejea pamoja naye. Hakuonekana tena katika mashindano ya Ulaya. Alishika kilimo, akalea watoto wake, hadi alipofariki mwaka 1966 huko Sargodha, nchini Pakistan. Inasimuliwa kwamba wanawe hakuwafundisha mchezo uliompa jina, bali aliwataka wafanye jambo lenye manufaa zaidi maishani mwao. Shirikisho la dunia la mchezo huo lilimpa cheo cha heshima cha grandmasta mwaka 2024, miaka 58 baada ya kufa kwake.

Wengi walioandika habari zake wameiona miaka ile ya shambani kuwa ni hasara tupu. Nasi tulikuwa na fikra hiyo hiyo, hata mwanetu alipokisoma kisa chote mwenyewe na kutuuliza, "Je, Sultan Khan alipokuwa akilima, alikuwa akimkosea nani?"

Hatukuwa na jawabu. Tulivitazama vikombe kabatini, tukakumbuka ni wageni wangapi tuliowaonyesha, na kwamba yeye mwenyewe hatujapata kumsikia akivitaja. Kipaji kilikuwa chake, ila fahari tulikuwa tumeifanya yetu, na tulilokuwa tukilililia ni fahari hiyo.

Ijumaa iliyopita alirudi kutoka mazoezi ya hospitalini, macho mekundu kwa uchovu. Alitueleza habari za mzee mmoja aliyemkesha usiku kucha, jinsi alivyokuwa akimgeuza ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Hatujawahi kumsikia akieleza mchezo wowote kwa makini kama yale. Alipokwisha, tulimwomba radhi. Si jambo jepesi mzazi kumwambia mwanawe neno hilo, na lilikuwa limechelewa. Alicheka, akautoa ubao chini ya kitanda, akamfunga babake kabla chai haijapoa.

Wazazi wenzetu, tunapowasimulia watoto wetu visa vya mabingwa, tuwasimulie hadi mwisho.