Mrembo wa Kahama Ataka Sanamu ya Posta Ing'olewe, Babu Yake Amjibu

Kuna mrembo mmoja wa Kahama, mkoani Shinyanga, siku hizi yuko Dar na mtandaoni ana jina kubwa. Juzi kati alitupia picha yake mbele ya Sanamu ya Askari pale Posta, chini akaandika: "Mkoloni bado kasimama mjini kwetu. Ing'olewe!" Laiki zikamiminika balaa.

Sasa wadau, kuing'oa ile si mchezo, ni kumbukumbu inayolindwa. Halafu mkoloni mwenyewe alishang'oka kitambo. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha pale Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamshusha. Akaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakamwangusha mwaka 1968. Huyu wa sasa, aliyesimama na singe tangu 1927, ni Mwafrika.

Picha ikafika mpaka kijijini. Babu akatuma sauti WhatsApp: "Mjukuu wangu, hiyo sanamu ndiyo kaburi la babu yangu. Mwaka 1916 Waingereza walipita hapa Shinyanga wakielekea Tabora, wakamtwika mzigo. Hakurudi, na hatujui alipolala."

Binti naye hakukubali kirahisi. "Lakini babu, huyu ana bunduki. Wa kwetu alibeba mizigo tu."

Na hapo alikuwa na pointi. Maandishi ya pale chini, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawataja wapagazi, ila jina la mtu hakuna hata moja. Nairobi mpagazi kasimamishwa kabisa pembeni ya askari. Dar alichoachiwa ni Kariakoo, jina lililotoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Yaani binti ananunua mawigi huko kila wiki na hajui anamkanyaga nani.

Babu akamjibu taratibu: "Kaka yako yuko Nyarugusu, Geita, anapandisha viroba vya mawe kutoka kwenye duara. Likititia leo, jina lake ataandika nani?"

Binti alikaa kimya siku mbili. Kisha picha akaiacha, maneno akayafuta, akaandika jina la yule mzee aliyepotea. Basi.

Laiki zilikuwa chache mno. Wengi waliuliza tu: "Ndo nani huyo?"

Kwenu je, nani alibebeshwa mzigo asirudi? Jina lake unalijua?