Rufaa Niliyomwambia Aiondoe

Kuna kijana aliyepoteza rufaa yake kwa ushauri wangu. Naandika haya kwa sababu wapo wengine wanaopewa ushauri wa namna ile ile.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika kesi ya Francis Muruatetu na Wilson Thirimbu Mwangi. Wakati huo nilijitolea kama msaidizi wa kisheria katika gereza moja la Pwani, nikiwaandikia wafungwa maombi yao. Habari ilinitangulia gerezani: kitanzi kimeondolewa! Nami nikaipokea hivyo hivyo.

Uamuzi haukusema hivyo. Kifungu cha 204 cha Sheria ya Adhabu kilimfunga jaji mikono: akishampata mtu na hatia ya mauaji, hana ila kutamka kifo, hata kama ni kosa la kwanza, hata kama mtu amejuta. Kulazimishwa huko ndiko majaji walikosema kunavunja Katiba, kwa kuwa mtu hasikilizwi juu ya adhabu yake. Adhabu ya kifo yenyewe waliiacha, tena wakaandika waziwazi kwamba amri yao haigusi uhalali wake chini ya Ibara ya 26(3). Na kifungu walichokihukumu kilikuwa cha mauaji.

Kijana wangu alihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2). Rufaa yake ya kupinga hatia ilikuwa inangoja kusikilizwa, na ilikuwa na uzito: shahidi mmoja, usiku, mwanga wa tochi. Nikamshauri aiondoe, aombe kuhukumiwa upya, maana njia hiyo niliiona fupi. Ni kweli mahakama kadhaa, hata ya Rufaa, zilikuwa zikiwapokea watu wa wizi wa mabavu. Lakini anayeomba adhabu mpya haulizwi tena kama ndiye aliyetenda. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Mama yake aliniuliza, "Mwanangu, hiyo hukumu umeisoma?"

Nikamjibu nimeisoma. Nilikuwa nimesoma gazeti.

Zamu ya kijana kusikilizwa haijafika bado, tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: uamuzi wa Muruatetu ni wa mauaji peke yake, waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu au uhaini wafungue kesi zao kuanzia Mahakama Kuu. Ombi lake likatupwa. Rufaa nayo haikuwepo tena.

Watu hunifariji kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Siwezi kuipokea faraja hiyo. Yule kijana bado yumo ndani, na hakuna mahakama ya rufaa iliyomtazama yule shahidi wa tochi.

Nilipomweleza mama yake ukweli, aliuliza jambo moja tu: rufaa inaweza kurudishwa? Inaweza, mahakama ikiruhusu ikatwe nje ya muda. Sasa wakili ameandika ombi hilo, na hati yangu ya kiapo imeambatishwa. Nimeapa kwamba kijana hakuitupa rufaa yake. Mimi ndiye niliyemwambia aiondoe, kabla sijaisoma hukumu.