Makumbusho Yasiyo na Kuta

Ukimuuliza mtoto wa Griftu angependa kuwa nani, usishangae akikujibu: rubani. Makumbusho ya ndege hapa kwetu hatuna, lakini viwanja vya ndege vyenye historia tunavyo, na mimi naona hivyo vinatosha kuanzia.

Cha kwanza kiko Wajir mjini, mashariki yetu. Juni 1940, Italia ilipoingia vitani, ndege zake zilivuka mpaka zikaja kukipiga mabomu, maana kilikuwa cha Waingereza. Vita Kuu ya Pili, ambayo shuleni tuliisoma kama mambo ya Ulaya, kumbe ilifika hadi kwenye visima vyetu.

Cha pili ni Wagalla, kama kilomita 15 kutoka mjini. Februari 10, 1984, vikosi vya usalama vilianza kuwakamata wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwafungia ndani ya uwanja huo. Walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Serikali ilisema wamekufa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema huenda wakakaribia 1,000. Manusura wenyewe hutaja maelfu.

Nimekua nikisikia jina hilo likitajwa kwa sauti ya chini. Nilipomuuliza mjomba, alisema tu, "Kunywa chai yako, abti." Nikanywa.

Ni kweli, S. Abdi Sheikh ameandika kitabu, Blood on the Runway, na mjini kuna mnara wa kumbukumbu. Lakini mnara huwezi kuuliza swali, na hicho kitabu nyanya zetu wengi hawawezi kukisoma.

Tungeanza na chumba kimoja tu cha darasa: ramani ukutani, picha chache, na simu ya kurekodi sauti za wazee, kwa Kisomali chao. Mtoto anayetaka kuwa rubani afundishwe jinsi bawa linavyoinua ndege. Afundishwe pia kwa nini kuna uwanja mmoja ambao wazee wakiukaribia hunyamaza.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 pale Wagalla, leo amepita 60. Tukikaa kungoja jengo kubwa na mfadhili, siku ya kufungua mlango msimuliaji hatakuwepo.