Gauni Lililotushinda Usiku



Tulikuwa na gauni la nikaha, satini ya rangi ya maziwa, kitambaa alicholetewa bi harusi na shangazi yake kutoka Muscat. Jumanne baada ya Isha akaja kujaribu. Likambana kwapani hata hakuweza kuinua mkono kujitia shela. Kosa letu, tulikata bila kupima mara ya pili. Nikaha ni Alkhamisi. Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia, na sisi tukamwambia nenda kalale, kesho litakuwa tayari. Hatukuwa na hakika hata kidogo.

Saa saba usiku bado tunabishana. Mmoja wetu keshashika mkasi, anataka kuitoa mikono yote atie lesi. Mwengine akamnyang'anya. Tukalala palepale dukani.

Kabla ya adhana ya Alfajiri mmoja wetu akaota kanzu ya babu imeanikwa uani, upepo umeingia, mikono imefunguka. Akaamka anasema, "Kikwapa!" Kile kipande kidogo mafundi wa kanzu wanachotia chini ya kwapa ili mkono uinuke. Kitambaa chake? Mkia wa gauni ulikuwa mrefu wa kutosha.

Hatuipi ndoto ile cheo isichostahili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ndoto ni aina tatu: bishara njema kutoka kwa Allah, ya kuhuzunisha kutoka kwa shetani, na yale mtu anayoyazungumza na nafsi yake. Yetu ni hiyo ya tatu, kwani tangu Isha tulikuwa na kwapa kichwani. (Na nyinyi mnaoswali istikhara juu ya mchumba, kuota si sharti.)

Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu mafumbo ya hesabu yenye njia fupi iliyofichwa. Waliolala usiku na kurudi waliigundua zaidi ya mara mbili kuliko waliokesha. Sisi huku wiki ya harusi ni hina, singo na kukesha, kisha bi harusi anatakiwa aamue mambo makubwa kichwa kizito!

Jumatano asubuhi tulishatia vikwapa viwili. Alipojaribu aliinua mikono yote miwili kama anayeomba dua, akaanza kulia tena. Tukamwambia lia mwanangu, ila usifutie satini.